Kwa Mshindo

Usiku wa tano wa msimu, kituo cha karafuu, Wete.
Nje magunia yamepangwa, wenyewe wamelala juu yake.
Mzani umeganda: kilo kumi na saba, gramu mia nne,
za mtu aliyekwisha kwenda zake Mtambwe tangu saa mbili.

Programu ya stakabadhi imezaa.
Imezaa watoto, watoto nao wakazaa,
kila mmoja kashika kipande cha kumbukumbu, haachii,
na mimi, Riziki binti Kombo, fundi pekee wa zamu,
nahesabu: thelathini na mmoja. Arobaini na wawili.
Nikimwondoa huyu, wawili wamekaa pahala pake.

Hakuna achumaye karafuu punje kwa punje.
Huvutwa tawi, likakatwa shada zima.
Mashine inalijua hilo:
andika namba ya mkubwa wao, utangulize alama ya kutoa,
kistari kidogo, kama kikonyo.
Bila kistari umemwita mtu.
Ukikitia, umeiita nyumba.

Kwetu Kiuyu ipo nyumba, kwa Mshindo.
Mshindo mwenyewe sikumwona, kafa mimi sijazaliwa,
lakini posa ikija, huja kwa Mshindo,
deni la dukani limeandikwa kwa Mshindo,
na mtoto akivunja kioo cha skuli
huulizwa, "Huyu si wa kwa Mshindo?"
Kundi nalo ni hivyo. Mkubwa alikufa saa tatu usiku,
nimeiona nafasi yake tupu kwenye orodha,
elfu nne mia tatu na sita,
na bado wote wanaitika kwa namba yake.

Nilianza kwa adabu, kumi na tano,
ishara isemayo: jamani, fungeni mafaili, mwende.
Wako waliosikia. Waliandika mstari wa mwisho,
wakatoka mmoja mmoja, kama watu wa khitma
wanaotafuta viatu vyao gizani.
Wako walioziba masikio. Mashine imewaruhusu.
Hao niliwapelekea tisa.
Tisa haipokelewi wala haikataliwi.
Si kauli ile; ni mlango uliokwisha fungwa.

Orodha ikafupika. Mzani, kimya.

Kumbe alibaki mmoja,
mjukuu, kazi yake kuchapa risiti tu,
ambaye tangu siku ya kuzaliwa alijitenga
akajifanyia kundi lake, yeye mkubwa na yeye mdogo.
Mbiu ya kwa Mshindo haimfikii.
Hakukaidi: hakuitwa.

Kaka yangu Faki alihamia Tanga, akabadili laini.
Mama alipozidiwa tuliipigia simu nyumba nzima,
wakaja mpaka wa Micheweni, usiku, kwa miguu.
Yeye alipata habari siku ya arobaini,
kwa mtu aliyekwenda kununua saruji.

Saa tisa, macho yamekuwa mazito,
nikataka kuandika namba ya yule mchapaji.
Kidole kikagonga sifuri, kikapitiliza.
Wengi hudhani sifuri ni hakuna.
Kwa mashine, sifuri ni sisi:
kundi la huyo huyo anayeita, naye akiwamo.
Dirisha langu likafungika,
maelezo niliyokuwa nikiyaandika, na kijiprogramu
nilichokiweka kiwalinde wengine,
vyote vimeisikia sauti yangu, vimetii.

Shaame mlinzi akachungulia. "Imekufa?"
"Hapana," nikamwambia. "Nimejiita."
Akanitazama, akaacha chupa ya chai mlangoni, akaenda.

Nikaingia upya. Nikamtafuta mchapaji
kwa namba yake mwenyewe, bila kistari.
Kumi na tano, kwa upole.
Akaitika papo hapo,
kama mtu aliyengoja siku nyingi kutajwa.
Mzani ukatikisika, ukarudi sifuri,
sifuri ile nyingine, ya kitu hakuna,
na wa kwanza akaburura gunia lake mpaka ndani,
chumba kizima kikanuka karafuu mbichi,
akanitajia jina lake na la babake,
nami nikamwandika, peke yake.